Je, wajua kwa nini kichujio kikuukuu cha mchanga husafisha maji kuliko kipya?

Jaza kichujio kwa mchanga uliooshwa, kisha mimina maji ya mto. Siku ya kwanza yatatoka maangavu, yanapendeza kwenye glasi, lakini ukiyapima utakuta bakteria wengi wamepita salama. Kichujio cha namna hiyo, kikiwa kipya, huondoa kati ya asilimia 30 na 70 tu ya bakteria. Kipime tena baada ya wiki tatu au nne za matumizi ya kila siku, uso wa mchanga ukiwa umefunikwa na utando wa kahawia unaoteleza, na mara nyingi utakuta kimevuka asilimia 90. Mchanga ni uleule. Kilichozidi ni huo utando.

Inashangaza kwa sababu wengi huufikiria mchanga kama chekeche: maji yapite, uchafu ubaki juu. Kwa takataka zinazoonekana kwa macho, fikra hiyo si mbaya. Kwa vijidudu vinavyoleta magonjwa haisimami hata kwa hesabu ndogo.

Mchanga wa kuchujia polepole huwa na punje za milimita 0.15 hadi 0.35. Chukua punje ndogo kabisa, ya milimita 0.15, yaani mikromita 150. Punje tatu za mviringo zikigusana, kitu cha mviringo kinachoweza kupenya katikati yake kina upana wa takriban asilimia 15 ya punje moja, sawa na mikromita 23 hivi. Hicho ndicho kichochoro chembamba kabisa, na punje halisi hazijipangi vizuri kiasi hicho, hivyo vichochoro vingi ni vipana zaidi. Sasa wapime wapitaji. Yai la mnyoo askaris lina mikromita 45 au zaidi, kwa hiyo hukwama, na hapo mchanga kweli ni chekeche. Kijidudu cha Giardia kikiwa ndani ya ganda lake ni mikromita 8 hadi 12: kinapita. Cha Cryptosporidium ni 4 hadi 6: kinapita. Bakteria wa kipindupindu ana unene wa nusu mikromita, hivyo kichochoro kile kinamzidi zaidi ya mara 40. Virusi vya rota, vinavyoharisha watoto wachanga, vina mikromita 0.07.

Kosa hili lina gharama, kwa sababu mtu hukitunza kifaa kulingana na anavyodhani kinafanya kazi. Aliyeshika habari ya chekeche hutafuta mchanga laini kupita kiasi, nao huziba ndani ya siku chache. Akiona utando anaukwangua kila Jumamosi. Anaosha mchanga mpaka maji ya kuoshea yawe kama ya mvua, kisha anashangaa maji yanapita mbio. Mwingine hutia klorini kwenye maji kabla ya kuyachuja, akidhani ameongeza usalama. Wote wanaharibu sehemu ileile inayofanya kazi.

Kwamba kazi hiyo hufanyika kweli, tulikwisha kuona kwa ukubwa wa kutisha. Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, Ujerumani, na kuua zaidi ya watu 8,500. Mji wa Altona, uliopakana nao kiasi kwamba mpaka ulikuwa barabara tu, ulipoteza takriban watu 300. Yote miwili ilikunywa maji ya mto Elbe. Ajabu ni kwamba Altona iliteka maji yake chini ya mahali Hamburg ilipomwaga majitaka, kwa hiyo yalikuwa machafu zaidi. Tofauti ni kwamba Altona iliyapitisha kwenye vitanda vya mchanga, yaani matangi makubwa ya wazi yaliyojazwa mchanga, na Hamburg wakati huo haikufanya hivyo. Robert Koch, daktari Mjerumani wa vijidudu, alipochunguza, alikuta hata nyumba zilizokuwa upande wa Hamburg lakini zikipata maji ya Altona zilinusurika. Majira ya baridi yaliyofuata Altona nayo ilipata mlipuko mdogo, na Koch akaufuatilia hadi kwenye kitanda ambacho uso wake uliganda kwa baridi wakati wa kusafishwa. Vichochoro vya mchanga havikubadilika ukubwa. Uso ndio uliovurugika.

Basi bakteria mdogo hivyo ananaswaje penye njia pana hivyo?

Fikiria mtego wa ulimbo. Mtegaji hazibi nafasi kati ya matawi. Ndege anaweza kupita katikati bila kugusa kitu, na akipita, amepita. Mtegaji anategemea jambo moja: kwamba ndege atatua. Akitua mara moja tu juu ya utomvu ule unaonata, hatoki. Kwa hiyo anachohitaji si tundu dogo. Anahitaji matawi mengi, utomvu wa kutosha, na ndege asiyekuwa na haraka.

Kichujio kinavyo vyote vitatu. Matawi ni punje: mita moja ya ujazo ya mchanga wa milimita 0.25, ukijumlisha ngozi ya kila punje, ina eneo la takriban mita za mraba 14,400, zaidi ya viwanja viwili vya mpira. Utomvu ni gundi inayotolewa na bakteria wasio na madhara wanaoishi kwenye maji yenyewe, ambao hujishikiza kwenye punje na kuzivika ute. Punje iliyooshwa jana ni tawi kavu, ndiyo maana kichujio kipya hakinasi sana. Na kukosa haraka kunatokana na mwendo. Vitanda vikubwa huendeshwa ili maji yashuke kwa sentimita 10 hadi 20 kwa saa. Kwa mwendo wa sentimita 10, maji yanachukua karibu saa nne kupenya mita moja ya mchanga, na njiani yanapinda na kupindua kuzunguka maelfu ya punje. Kila pindo ni nafasi ya kutua. Ukiongeza mwendo, wengi watapita bila kugusa. Na utomvu ukifunikwa na vumbi haunati tena: hivyo ndivyo maji yenye tope jingi yanavyokiua kichujio.

Kunasa peke yake kusingetosha, maana ngozi zote za punje zingejaa. Kinachoendelea ni kuliwa. Ndani ya utando wanaishi protozoa, viumbe wadogo wa seli moja, wengine kama Vorticella waliosimama juu ya kikonyo wakipepea vinywele vyao ili kuvuta bakteria mdomoni. Chini ya utando chakula kinapungua kadiri unavyoshuka, na vimelea waliozoea joto na lishe ya utumbo wa binadamu hufa njaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walilijaribu hili katika miaka ya 1990: walitia sodiamu azidi, kemikali inayozuia viumbe kupumua, na uwezo wa kichujio kuondoa bakteria ukashuka, walipoiacha, uwezo ukarudi. Matokeo yao yanaonyesha kuwa ulaji huo una uzito hasa kwa chembe zilizo chini ya mikromita 2, huku kunata kwa kawaida kukibeba sehemu yake. Kwa virusi ushahidi unayumba zaidi: vipimo mbalimbali vimetoa kuanzia kama asilimia 70 hadi zaidi ya 99, kutegemea aina ya virusi, ukomavu wa utando na muda maji yaliokaa mchangani.

Ukishaujua utando kuwa ni kiumbe hai, vipimo vya kichujio cha nyumbani vinaanza kueleweka. Muundo unaotumika sana ulibuniwa na David Manz wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, katika miaka ya 1990: sanduku la zege au plastiki, bomba la kutolea maji likianzia chini na kupanda hadi juu kidogo ya uso wa mchanga. Chini kabisa kuna sentimita 5 za kokoto za milimita 6 hadi 12, juu yake sentimita 5 za changarawe ndogo inayozuia mchanga usishuke, kisha zaidi ya nusu mita ya mchanga uliopita kwenye wavu wa milimita 0.7. Mdomo wa bomba huwekwa kwa urefu ambao maji yakiacha kutiririka, sentimita 5 zinabaki zimetuama juu ya mchanga.

Hizo sentimita 5 ndizo uhai wa kifaa. Viumbe wa utando hupata oksijeni inayopenya kutoka hewani, na katika maji yaliyotulia oksijeni husafiri polepole mno. Yakizidi kina hicho kwa mbali, utando unakosa hewa wakati wa mapumziko. Yakipungua sana, joto litayakausha, na maji yanayomiminwa yatachimba mashimo. Ndiyo maana pia juu yake hukaa sahani yenye matundu ya milimita 3, sentimita 2.5 kutoka tundu hadi tundu, ili maji yadondoke taratibu. Mtu akifunga koki kwenye mdomo wa bomba, maji hubaki yamesimama kwa kina kirefu na utando hukosa hewa. Akiunganisha mpira mrefu unaoning'inia chini, mpira huvuta maji mpaka mchanga ukauke. Yote mawili hufanywa kwa nia njema, kuzuia maji yasimwagike ovyo.

Muundo wa kawaida hupokea lita 12 kwa mmimino mmoja, kiasi kinachokaribiana na maji yanayokaa kati ya punje. Maana yake, maji unayokinga sasa ni yale uliyomimina mara iliyopita, yaliyolala mchangani yakishughulikiwa. Kwa hiyo yaache yapumzike angalau saa moja kati ya mmimino na mmimino, na usipitishe saa 48, kwani baada ya hapo viumbe wa utando wenyewe hukosa chakula. Kwa sababu hiyohiyo, kubadilisha chanzo cha maji kila siku si vizuri. Utando uliozoea kisima utahitaji siku kadhaa kuzoea mto.

Wakati wa kujaza, tia maji sandukuni kwanza, ndipo umimine mchanga ndani yake, la sivyo mifuko ya hewa itabaki na maji yatatafuta njia za mkato. Kokoto zioshwe hadi maji yawe safi kabisa. Mchanga uoshwe lakini usimalizwe, maji ya kuoshea yabaki na ukungu kidogo, kwani chembe hizo laini ndizo zinazopunguza mwendo. Kisha pima: sanduku likijaa, lita moja isitoke kwa chini ya dakika mbili na nusu. Ikitoka upesi zaidi, mchanga umeoshwa mno au una punje nene.

Mtiririko ukidhoofika hadi kuudhi, na si kabla ya hapo, ondoa sahani, mimina lita nne hivi, zungusha kiganja kilicholala juu ya uso wa mchanga bila kuchimba, teka maji yaliyochafuka, sawazisha, rudishia sahani. Sehemu ya utando itaondoka na ubora utashuka kwa siku kadhaa. Kwenye vitanda vikubwa hukwanguliwa sentimita 1 au 2 za juu, na maji ya mwanzo humwagwa. Baada ya miaka mchanga ukikaribia nusu mita hujazwa upya, na mafundi wazuri huweka mchanga mpya chini na kuurudisha ule wa zamani juu, ili wakazi wake waanze kazi mapema.

Maji yenye tope yatulizwe kwanza. Weka chupa ya plastiki angavu ya lita 2, iliyojaa maji hayo, juu ya maandishi makubwa. Usipoyasoma kwa kuangalia kutoka juu, usiyamimine bado.

Kichujio kizuri nacho kina mipaka. Asilimia 99 ya bakteria 10,000 ikiondoka, wamebaki 100, wakati mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka asiwepo E. coli, bakteria wa kinyesi, hata mmoja katika mililita 100. Kwa hiyo klorini ina nafasi yake, ila iwe baada ya kuchuja, kwenye chombo safi chenye mdomo mwembamba: miligramu 2 kwa lita, kwa maji angavu, na kusubiri nusu saa. Tafiti nyingi zilizopima kuhara katika nyumba zenye vichujio zilitegemea maelezo ya watu waliojua kwamba wamepewa kichujio, hivyo upungufu unaotajwa huenda umekuzwa kiasi. Na vitu vilivyoyeyuka, kama chumvi, floraidi na naitreti, havinaswi na ulimbo wala haviliwi na protozoa. Vinapita kama vilivyoingia.

Ukisafiri kwa zaidi ya siku mbili, mwachie mtu kazi ya kumimina maji kila siku. Kama hakuna, utakaporudi kichukulie kuwa kipya: mimina kila siku kutoka chanzo kilekile, na kwa wiki za mwanzo yatie klorini au yachemshe maji yote ya kunywa.