Wati za kwenye boksi hazisikiki

Wiki hii nimeulizwa tena. Jamaa ana Toyota IST, amefungiwa muziki na mafundi wawili kwa zamu, amplifaya yake imeandikwa wati 3000, na swali lake ni hili: "Ngosha, mbona Noah ya jirani yangu ina redio tu na inapiga vizuri kuliko mimi? Huna la wati 5000?" La wati 5000 sina. Nina andiko hili, ili mwingine akija amebeba boksi nimtumie linki, mimi niendelee na lehemu yangu.

Nianze na redio yenyewe. Karibu kila redio ya gari imeandikwa wati 50 mara 4. Chukua kikokotoo. Injini ikiwaka, alteneta inatoa volti 14 na ushee. Watengenezaji hutumia 14.4. Zidisha 14.4 kwa 14.4, gawanya kwa omu 4 za spika (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), unapata 51.84. Hizo ndizo zile 50. Tatizo ni kwamba hesabu hiyo ni ya redio iliyokabwa mpaka mwisho, wimbi la sauti limekatwa kichwa na miguu, limebaki la pembe nne. Hakuna mtu anayesikiliza sauti hiyo kwa hiari yake. Wimbi likiwa zima, hesabu ileile inashuka hadi 26 hivi kwenye karatasi, na kwa redio halisi nyingi ni kama 20, au chini ya hapo, kwa kila spika.

Marekani walishachoshwa na mambo haya, na mwaka 2003 kikatoka kiwango kinachoitwa CEA-2006: pima kwa volti 14.4 na omu 4, uchafu wa sauti usizidi asilimia 1, ndipo uandike wati zako. Amplifaya iliyopimwa hivyo naisadiki. Isiyopimwa, sisomi maandishi ya juu. Naigeuza ubavuni nasoma fyuzi. Ya jamaa wa IST ilikuwa na fyuzi moja ya ampea 30. Ampea 30 mara volti 14.4 ni wati 432 zinazoingia. Zinazoingia, si zinazotoka. Amplifaya za daraja AB hupoteza karibu nusu kwa joto, ndiyo maana huwezi kuweka kiganja juu yake. Za daraja D ni bora, tuseme zinarudisha asilimia 80. Tukimpa upendeleo wote, ile ni amplifaya ya wati 350 iliyoandikwa 3000. Mbishi ataniambia fyuzi huvumilia kuzidiwa kwa muda mfupi, na muziki hupanda na kushuka. Ni kweli, hesabu ya fyuzi ni ya kukadiria. Ila hakuna ukadiriaji utakaoitoa 350 ukaifikisha 3000.

Haya, tufanye ni 3000 za kweli. Bado sikio halihesabu wati. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti), na watu wengi hawaoni tofauti kubwa. Ili usikie kama sauti imeongezeka mara mbili unahitaji desibeli kama 10, yaani wati mara kumi. Wakati huohuo spika mbili zenye bei sawa, moja inayotoa desibeli 92 kwa wati moja na nyingine 86, zina tofauti ambayo ingekugharimu wati mara nne. Namba hiyo ipo kwenye karatasi ya spika. Sijawahi kusikia mteja akiiuliza.

Sasa mlango. Hapa nitakaa.

Spika ikisukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta. Hewa ya mbele na ya nyuma zikikutana zinauana, na zinazokufa kwanza ni besi. Nina spika ya inchi 6 na nusu mezani ambayo kazi yake ni somo hili tu. Naiwasha ikiwa mkononi, wazi: gitaa la besi halipo, unasikia sauti ya simu. Nachukua kipande cha boksi nilichotoboa tundu la ukubwa wa koni, ile sehemu ya spika inayotikisika, nakikandamiza mbele ya spika. Besi inatokea palepale. Volyumu sijagusa. Nikitoa boksi inapotea. Wengine huinama kutazama chini ya meza nimeficha wapi sabufa.

Mlango wa gari lako unatakiwa kufanya kazi ya kile kipande cha boksi, na haufanyi. Vua kava la mlango wa Toyota nyingi, utakuta nailoni imebandikwa kwa gundi nyeusi inayonata. Nyuma ya nailoni, bati la ndani lina matundu ambayo mkono mzima unapita, ya kufungia mashine ya kioo. Kwenye ile IST fundi aliyetangulia alichana nailoni kwa wembe apate njia ya waya, akaiacha inaning'inia. Spika ilishikwa na skrubu mbili kati ya nne, juu ya adapta ya plastiki isiyokaa sawa. Ukimulika tochi kwa nyuma unaona mwanga pembeni. Hewa inazunguka humo kama nyumba isiyo na milango. Ukiongeza wati, ya mbele inaongezeka na ya nyuma inaongezeka, zinauana vilevile, na sasa na kava la mlango linatetemeka.

Noah ya jirani haijawahi kuvuliwa kava la mlango tangu ishuke melini. Siri yote ndiyo hiyo.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote: pete ya sponji kati ya spika na bati, skrubu zote nne, adapta iliyokaa, matundu makubwa yazibwe kwa kipande kigumu cha plastiki au alumini, juu yake mikeka ya mpira mzito yenye foili. Yale matundu madogo ya chini kabisa ya mlango uyaache, ni ya kutoa maji. Nimeshapokea milango ambayo ukiifunga unasikia maji yanacheza, na kutu imeshaanza.

Kuhusu mikeka nina shaka ambayo wauzaji hawataipenda. Wanataka ufunike mlango mzima, sakafu, na paa wakikupata. Mimi nikifunika kama robo tu ya bati la nje, nikiligonga kwa kidole halilii tena kama sufuria tupu, linajibu "ndu". Nikiendelea kufunika, sijui kama ninachosikia ni tofauti au ni pesa ya mteja.

Tukiwa bado mlangoni, angalia chanya na hasi. Spika moja ikigeuzwa waya, kushoto inasukuma wakati kulia inavuta, besi zinafutana na sauti ya mwimbaji inazagaa haina mahali. Chomoa waya za spika kwenye amplifaya, zigusishe kwa betri ndogo ya volti 1.5, chanya kwa chanya; koni itoke nje. Ikiingia ndani umepata mchawi. Kazi ya dakika tano na haina gharama, labda ndiyo maana haifanyiki.

Waya nitapita haraka. Nunua shaba tupu, si alumini iliyopakwa shaba; hiyo ya pili ikiwa unene uleule inapitisha umeme kidogo zaidi ya nusu tu. Hasi ifungwe kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi hadi bati ling'ae. Ukisikia mluzi unaopanda ukikanyaga mafuta, tafuta hapo kwanza kabla ya kulaumu alteneta. Fyuzi ya waya mkubwa ikae karibu na betri, si karibu na amplifaya, maana inalinda waya usiwake moto.

Geini haipitwi haraka. Nobu ya geini kwenye amplifaya si volyumu, jamani. Kazi yake ni kulinganisha volti zinazotoka kwenye redio na zile amplifaya inazotarajia. Redio yako inatoa volti 2 au 4. Geini ikifunguliwa yote, amplifaya nyingi hufika kikomo kwa robo ya volti hivi. Maana yake ukifika volyumu 10 imeshamaliza nguvu zake, na kuanzia hapo hadi 40 unazidi kukata kichwa cha wimbi tu. Mteja anafurahi: "inawahi kulia!" Inawahi kulia na inawahi kufa.

Mimi naweka hivi. Besi na trebo zote sifuri, loud imezimwa, volyumu ya redio robo tatu, flash ina mlio mmoja wa hezi 50. Spika nazichomoa. Mita ikiwa kwenye volti za AC, nafungua geini taratibu. Kama amplifaya ni wati 100 za kweli kwa omu 4, nasimama kwenye volti 20, kwa sababu 100 mara 4 ni 400 na kipeuo chake cha pili ni 20. Nikiwa na oskiloskopu, mashine inayochora wimbi kwenye kioo, natazama kichwa cha wimbi badala ya kuamini mita, kwa kuwa mita haijui kama wimbi ni zima au limekatwa.

Kisha mwenye gari anaondoka, anafika Mabatini, hapahapa Mwanza, anaweka besi +10. Desibeli 10, kama nilivyosema, ni wati mara kumi. Alikuwa anatumia 40 kwa ngoma zile, sasa anaomba 400 kwenye amplifaya ya 100. Anarudi na spika inayokwaruza, na mimi ndiye nimeharibu.

Kuna mjadala wa mafundi kuhusu kinachoua tuita, zile spika ndogo za sauti nyembamba: wengine husema ni zile ncha za wimbi lililokatwa, wengine hulaumu volyumu. Tuita zilizoungua nikizifungua nakuta kitu kilekile, koili, yaani waya uliozungushwa ndani yake, imekuwa nyeusi na gundi yake imeachia. Ni joto. Limetoka wapi hasa, koili haisemi, nami nimeacha kubishana.

Ukitaka kupima muziki wa gari, usipime gereji injini imezimwa na volyumu imejaa. Mpaka ufike hapo masikio yameshachoka na kila kitu ni kizuri. Weka sauti ambayo mnaweza kuongea juu yake. Chagua wimbo wa dansi unaoujua, fuata gitaa la besi peke yake: kila noti ina jina lake, au zote ni "mmm" moja? Mwimbaji yuko wapi? Anatakiwa awe juu ya dashibodi, katikati. Akiwa gotini mwako, tuita zimekaa vibaya au hazipo. Redio ya FM usiitumie kupimia tuita, haitumi sauti juu ya kilohezi 15. Na gari la Japani linalotumia ekspanda kushusha masafa yetu ya 88 hadi 108 ni kesi mbovu zaidi. Nyimbo zilizoshushwa kutoka kwenye video, zikageuzwa, zikakopiwa flash hadi flash pale stendi, nazo haziponi kwa wati.

Halafu endesha Buzuruga hadi Igoma, vioo juu. Ngurumo ya matairi inameza besi za chini, kwa hiyo kilichosikika kimejaa gereji kitapungua. Hapo besi +3 sina ugomvi nayo. Ukiwa na muda usigeuze Igoma, nyoosha hadi Kisesa, ingia Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, siku wanayopiga ngoma. Sikiliza ngozi inavyopigwa na kunyamaza. Sabufa nyingi ninazoletewa hazinyamazi, zinaendelea kuvuma baada ya mkono kuondoka, na mwenyewe anaita hiyo besi nzito.

La mwisho ni lile la kuchelewesha spika, siku hizi redio nyingi za Android zinalo. Dereva wetu yuko kulia, spika ya kulia iko karibu naye kuliko ya kushoto kwa kama nusu mita. Sauti inakwenda sentimita 34 kwa milisekunde moja, kwa hiyo unachelewesha ya kulia milisekunde 1.5 na mwimbaji anahamia katikati. Kwa dereva. Aliyekaa kushoto anaharibikiwa mara mbili. Kwa anayeendesha peke yake naiwasha. Kwa gari la familia naizima, au naweka nusu ya muda huo, na nusu hiyo haina hesabu yoyote nyuma yake zaidi ya kwamba hakuna aliyerudi kulalamika.