Lishe ya kimiminika kwa mwenye ugonjwa wa Crohn: ni tiba, si nyongeza ya mlo

Siku hizi kitengo chetu cha lishe kinapokea malalamiko mengi kwamba "yale maziwa ya hospitali hayamsaidii mtoto", yaani kimiminika maalumu chenye virutubisho vyote anachoandikiwa mwenye Crohn, ugonjwa wa kudumu unaovimbisha utumbo. Tukiuliza anayanywaje, tunajibiwa: chupa mbili asubuhi, mchana anakula na wenzake. Hiyo siyo tiba aliyoandikiwa.

Kwa mtoto ambaye Crohn imemwamkia, kimiminika hiki hutolewa peke yake kwa wiki 6 hadi 8. Nguvu, protini, mafuta, vitamini na madini yote yatoke humo. Maji yanaruhusiwa, kingine chochote, muulizeni kwanza mtaalamu wa lishe. Ikifuatwa hivyo, watoto walio wengi hupata nafuu kama ya steroidi (dawa za kutuliza uvimbe), utumbo hupona vizuri zaidi na ukuaji haudumai. Kwa watu wazima ushahidi si imara kiasi hicho, na wengi huishia njiani. Mwenye kolaitisi ya vidonda (uvimbe na vidonda vya utumbo mpana) asijilazimishe, haijathibitika kutuliza ugonjwa wake.

Juisi, supu au unga wa wanamichezo haviwezi kushika nafasi yake. Tumelisema hili mara nyingi.

Msianze wenyewe nyumbani. Kwanza tunapima uzito, urefu, damu na kinyesi. Aliyekonda sana hapewi kipimo kamili siku ya kwanza, kwa sababu mwili uliozoea njaa ukilishwa ghafla, madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu hushuka kwenye damu na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Kiasi huongezwa siku hadi siku, damu ikifuatiliwa. Chupa iliyofunguliwa ikae kwenye friji. Zikipita saa 24, mwageni kilichobaki.

Ladha huchosha, tunalijua hilo, na mtoto anayevumilia anastahili pongezi. Mpeni kikiwa baridi, kwa mrija, kidogo kidogo. Akishindwa kabisa, mpira mwembamba wa puani hufanya kazi hiyo usiku akiwa amelala. Kukubali mpira si kushindwa.

Nafuu isipoonekana ndani ya wiki 2, rudini kliniki. Tumbo likijaa, akatapika na kuumwa sana, mleteni siku hiyohiyo.

Muda ukiisha, chakula hurudishwa taratibu huku kimiminika kikipunguzwa. Dawa za kuzuia ugonjwa usirudi haziachwi kwa kuwa tu mtoto amenenepa. Anayeamua kuzisimamisha ni daktari wake.