Ndoa za Watu wa Mataifa Mawili Ughaibuni: Dhana Potofu na Ukweli

Mtanzania anayeishi Uingereza akitaka kuoana na mtu wa taifa jingine, ushauri wa kwanza huupata sebuleni kwa jamaa zake, si kwa msajili wa ndoa. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini mara nyingi huchanganya mambo matatu ambayo sheria huyatenganisha: kufunga ndoa, kuwa na uthibitisho wa ndoa, na kupata haki zinazotokana nayo, kama vile ukaazi na uraia.

Dhana inayoumiza watu wengi zaidi ni hii: "Tukifunga nikahi mbele ya shehe na mashahidi, sisi ni mume na mke popote duniani."

Kidini ni kweli, na hakuna mwenye haki ya kuidharau ndoa hiyo. Kisheria, England na Wales zina utaratibu wao: wawili hao hutoa taarifa ya nia ya kuoana katika ofisi ya msajili, husubiri siku 28, ambazo zinaweza kufikia 70 pale ambapo mmoja wao si raia wa Uingereza wala Ireland, kisha hufunga ndoa mahali palipoidhinishwa. Nikahi iliyofungwa nyumbani au ukumbini bila hatua hizo haihesabiwi na mahakama kuwa ndoa. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ya huko iliamua hivyo juu ya nikahi iliyofungwa mwaka 1998 katika mkahawa mmoja wa London, ingawa wawili hao walikuwa wameishi pamoja kwa miaka mingi na kupata watoto wanne. Haikuwa hata ndoa batili, ambayo ingemwezesha mwanamke kuomba amri ya kuibatilisha na, pamoja nayo, mgawanyo wa mali.

Naelewa kwa nini watu wetu hunaswa hapa. Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, shehe au padri mwenye leseni hufungisha na kusajili kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo dini na serikali hukutana katika tendo lilelile. Tena, sheria hiyo huwachukulia mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi, na kujulikana na watu kuwa mke na mume, kuwa wameoana, hadi ithibitishwe vinginevyo. England, kuishi pamoja peke yake hakuwafanyi wawili kuwa wameoana, hata wakikaa miaka ishirini. Ujerumani nayo ina msimamo mkali: tangu mwaka 1876 ndoa inayotambuliwa, kwa kawaida, ni ile inayofungwa mbele ya ofisa wa serikali. Kwa sababu hiyo ningemsihi kila dada anayeandaliwa nikahi au misa ughaibuni aulize kabla ya siku ya harusi: msajili yuko wapi katika mpango huu?

Upande wa pili wa kosa hilo husikika kwa wanaume: "Ndoa yangu ya nyumbani ilikuwa ya kimila na haikusajiliwa, kwa hiyo naweza kuandika kwamba sijaoa."

Hapana. Kwa sheria ya Tanzania, kutosajiliwa peke yake hakuifanyi ndoa kuwa batili. Ndoa iliyokamilika kwa mila au kwa dini ni ndoa. Anayetamka mbele ya msajili wa Uingereza kwamba hana mke, hali mkewe yuko Tanga au Mbeya, anatoa tamko la uongo, na akifunga ndoa ya pili huko anatenda jinai, hata kama sheria ya nyumbani ingemruhusu kuwa na wake wawili.

"Twende ubalozini, ule ni ardhi ya kwetu." Ubalozi una kinga, lakini umesimama juu ya ardhi ya nchi mwenyeji. Mwaka 1972 mahakama ya London ilikataa kuihesabu talaka iliyotamkwa ndani ya ubalozi mdogo wa Misri jijini humo kuwa imetolewa nje ya Uingereza. Ni kweli kwamba sheria za Tanzania na za Kenya zinatambua ndoa zinazofungwa katika balozi zao, lakini kutambuliwa nyumbani hakuilazimishi nchi mwenyeji kufanya hivyo.

Wengine huambiwa kwamba cheti cha Uingereza hakina thamani Tanzania mpaka ndoa irudiwe bomani. Sheria ya mwaka 1971 inaitambua ndoa iliyofungwa nje ya nchi iwapo ilifuata utaratibu wa mahali ilipofungwa na iwapo wahusika walikuwa na sifa za kuoana. Kwa sharti hilo la pili, Mkristo ambaye bado yumo katika ndoa ya mke mmoja hawezi kuikwepa kwa kupanda ndege na kuoa mwingine nje. Kinyume chake, ndoa iliyofungwa Dar es Salaam haihitaji kusajiliwa upya Uingereza, na hakuna daftari la kufanya hivyo: kinachotakiwa ni cheti halisi, pamoja na tafsiri iliyothibitishwa ikiwa hakikuandikwa kwa Kiingereza.

Kuhusu uraia, cheti cha ndoa si pasipoti. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mume au mke wa raia haki ya kuomba kusajiliwa baada ya miaka 7 ya ndoa, na inasema wazi kwamba uraia haupotei kwa kuoa au kuolewa. Tanzania, sheria ya mwaka 1995 humfungulia njia hiyo mke mgeni wa raia, lakini haimfungulii mume mgeni, tofauti ambayo kwa maoni yangu haina utetezi. Mtanzania aliyeolewa na mgeni hapotezi uraia kwa kuolewa. Kinachouweka hatarini ni kuomba na kupewa uraia mwingine. Uingereza nayo humpa mwenzi ruhusa ya muda, na ukaazi wa kudumu huombwa kwa kawaida baada ya miaka 5. Tena, viza ya matembezi ya kawaida hairuhusu kufunga ndoa huko: anayekuja kuoana na kuondoka huomba viza ya wageni wa ndoa, na anayekusudia kubaki huomba ya mchumba.