Je, wajua kwa nini mchicha huungua ukiwekewa urea nyingi?

Mvua zikianza Tabora, nyumba nyingi huwa na mbolea iliyobaki baada ya kutiwa shambani, nayo humwagiwa mchicha wa uani kwa kiganja. Siku chache baadaye ncha za majani zinakauka, na lawama zote zinaenda dukani: wametuuzia feki! Mara nyingi mwenye duka hana kosa.

Tango la kachumbari ukilitia chumvi huachia maji. Mzizi nao ni hivyo hivyo: maji ya udongoni yakikolea mbolea kuliko maji yaliyo ndani yake, mzizi hunyonywa badala ya kunyonya. Tena urea ikiwa udongoni hugeuka amonia, gesi kali ambayo ikizidi huchoma mizizi michanga.

Mbolea inayobaki bila kuliwa na mchicha hugeuka naitreti, chumvi inayoyeyuka majini, na udongo wa kichanga, ambao Tabora tunao mwingi, hauwezi kuizuia. Mvua huishusha chini, na penye kisima kifupi karibu yaweza kufika kwenye maji ya kunywa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita, kwani ikizidi huizuia damu ya mtoto mchanga kubeba oksijeni. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua, naitreti inabaki palepale.

Sasa kiasi. Asilimia 46 ya urea ni naitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani, kwa hiyo kidogo tu kinatosha. Kizibo cha soda hubeba gramu 5 hivi. Kwa mita moja ya mraba vizibo viwili vinatosha, tena si kwa mkupuo: kimoja mchicha ukishashika, kingine wiki mbili baadaye. Tia pembeni ya mstari, fukia, mwagilia. Ikiachwa juu juu juani, sehemu yake hupotelea hewani. Mbolea ya tumbaku, 10-18-24 (yaani asilimia za naitrojeni, fosforasi na potasi), ina potasi nyingi kuliko naitrojeni. Mchicha unataka kinyume chake.

Mimi ningeanza na samadi iliyooza vizuri, maana ndiyo inayokifanya kichanga kishike maji na virutubisho. Ya kuku ikiwa mbichi huunguza kama urea. Na majivu ya jikoni, mazuri kwa udongo wenye tindikali, yasichanganywe na urea wala samadi. Ukisikia harufu inayowasha pua, hiyo ni amonia, yaani naitrojeni yako inaondoka.