Babu mkulima wa pwani, mtafute kwenye minazi yake

Wengi wanaoniletea shajara ya ukoo huja na wanaume watupu: fulani bin fulani bin fulani, mpaka kwa babu aliyelima kusini mwa Tanga kabla ya Wajerumani. Majina hayo yana thamani, ila hayasemi wake zake na mabinti zake walikwenda wapi. Mimi huwaambia waanze na shamba.

Pwani yetu ardhi na mti ni mali mbili. Mtu anaweza kuwa na mnazi kwenye kiwanja cha mwenzake, na mnazi huo ukarithiwa peke yake. Kwa kuwa mnazi huishi zaidi ya miaka 60, wazee waliosahau mwaka wa msiba bado watakutembeza shambani wakigusa vidato vya kupandia: huu wa upande wa bibi, ule wa ami.

Hapo sheria ya mirathi ya Kiislamu inakuwa ufunguo. Tuseme marehemu kaacha minazi 96, wajane wawili, wana watatu na binti mmoja, na wazazi wake wametangulia. Wajane wana thumuni, yaani sehemu moja ya nane: minazi 12, kila mmoja 6. Inabaki 84: kila mwana 24, binti nusu yake, 12. Sasa igeuze hesabu. Ukiambiwa bibi fulani alikuwa na minazi 12 na kaka zake 24 kila mmoja, umempata binti aliyeachwa na shajara. Ile sita sita nayo inakupeleka kwa wajane. Ulizia waliolewa tena wapi, maana huko ndiko waliko ndugu zako usiowajua. Hatua hii naipenda kuliko zote. Angalia tu kama kuna minazi iliyouzwa au kuwekwa wakfu.

Miaka uitafute kwa matukio. Je, babu alikuwa ameshaoa wakati Abushiri, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani, aliponyongwa Pangani, Desemba 1889? Reli ilipofika Muheza mwaka 1896? Kodi ya nyumba ilipoanza mwaka 1898?

Lakini si kila mkulima alikuwa mwenye shamba. Wengi walilima kama watumwa, na mtumwa hakurithisha. Alichoacha kilikuwa cha bwana wake. Ukifika hapo minazi haitakusaidia tena. Geukia hati za huru, yaani karatasi za kumwachia mtumwa, za enzi za Wajerumani, uulizie Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na kwa upande wa Muheza ulizia vitabu vya ubatizo vya misheni ya Magila. Nenda na majina yake yote, maana aliyepewa huru mara nyingi alijipa jina jipya.