Jibini ya kusindikwa ni nini, na inafaa kwenye chakula cha mtoto cha shuleni?

Jibini ya kawaida ni maziwa yaliyogandishwa, yakakamuliwa maji, yakatiwa chumvi na mara nyingi yakaachwa yaive. Jibini ya kusindikwa huanzia pale hiyo ya kwanza ilipoishia. Jibini iliyokwisha kuwa tayari husagwa, ikapashwa moto pamoja na maji, unga wa maziwa au siagi, na chumvi maalumu za kuunganisha, kisha ikamiminwa kwenye vifungashio ingali moto. Ndizo zile slesi za mraba, na vile vipande vya pembetatu ndani ya karatasi ya fedha ambavyo watoto huvifungua kwa meno.

Siri iko kwenye hizo chumvi. Weka kipande cha jibini ya kawaida kwenye kikaango kikavu: mara nyingi kitavuja mafuta na kuvutika kama mpira. Slesi ya kusindikwa itayeyuka laini kama uji mzito. Chumvi hizo, yaani sitrati au fosfeti ya sodiamu, huiondolea protini ya maziwa kalsiamu inayoikaza, sodiamu ikakaa mahali pake. Protini ikilegea, hushika maji na mafuta kwa pamoja. Waswisi wawili, Walter Gerber na Fritz Stettler, walifaulu kwa njia hiyo mwaka 1911, wakitafuta jibini ya kudumu. Mwaka 1916 James Kraft akapata hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) ya njia yake huko Marekani. Shida waliyokuwa wakiitatua ni ya kuhifadhi na kusafirisha; mtoto na begi lake hawakuwamo kwenye hesabu.

Yale maneno kwamba ni plastiki, yapuuze. Protini imo, kalsiamu imo. Kinachonitia wasiwasi mimi ni chumvi, kwa kuwa sodiamu huingia mara mbili: kwanza na jibini yenyewe, halafu na zile chumvi za kuunganisha. Tuseme lebo inasema gramu 2.5 za chumvi kwa kila gramu 100. Slesi ya gramu 20 ina nusu gramu. Tia mbili katikati ya vipande viwili vya mkate, ambao nao una chumvi, na umekaribia gramu 1.8. Mwongozo wa afya wa Uingereza humwekea mtoto wa miaka 4 hadi 6 kikomo cha gramu 3 kwa siku nzima, na hapo chakula cha jioni bado. (Lebo ikitaja sodiamu tu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi.)

Kwa hiyo slesi moja, tena si kila siku, pamoja na tunda na kitu kisichotiwa chumvi, sioni ubaya wake. Ila soma orodha ya viambato, kwa sababu kwa kawaida hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Jibini ikitajwa kwanza, umenunua jibini. Yakitangulia maji na mafuta ya mimea, umenunua kitu kingine chenye ladha yake. Zile chipsi za mahindi zilizonyunyiziwa vumbi la rangi ya chungwa lenye ladha ya jibini ziko mbali zaidi. Hizo ni chipsi.

Mtoto wa chini ya miaka 4 asipewe vipande vinene vya mraba, maana vinaweza kumkaba. Mkatie vijiti vyembamba. Mwenye mzio wa maziwa asipewe kabisa, kusindika hakuondoi mzio.

Kuhusu joto, fuata kifungashio. Kikisema ihifadhiwe kwenye friji, weka kibarafu ndani ya kisanduku, kwani saa mbili nje ya ubaridi ndiyo ukomo unaoshauriwa. Pembetatu zinazouzwa rafuni bila friji huvumilia asubuhi nzima zikiwa hazijafunguliwa. Ile iliyong'atwa nusu ikarudi nyumbani imefungwa upya kwa karatasi yake, itupe.