Je, wajua kwa nini watoto wa wenye maduka vijijini Uingereza walipima sukari kila jioni?

Katika kumbukumbu za familia zilizoendesha maduka vijijini Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, kuna kazi moja ambayo haikosekani kirahisi: kupima sukari. Duka likishafungwa, wazazi na watoto waliizunguka meza, mizani ikiwa katikati, wakajaza na kukunja karatasi za bluu mpaka wakati wa kulala. Kwa nini kazi hiyo ilikula muda mwingi hivyo, na kwa nini iliachiwa watu wa nyumbani?

Wengi tukiambiwa habari za duka la zamani tunamwona mwenye duka nyuma ya kaunta, ananunua kwa jumla, anauza kwa rejareja, na anaishi kwa tofauti ya bei. Picha hiyo inaficha sehemu kubwa ya kazi yake. Chakula kingi hakikufika dukani kikiwa tayari kuuzwa. Sukari ililetwa kwa magunia, la kawaida likiwa na ratili 224, zaidi kidogo ya kilo 100. Chai ilifika katika makasha ya mbao yaliyotandikwa ndani karatasi ya madini ya risasi ili unyevu usipenye. Jibini lilikuja zima na gamba lake la nguo, siagi katika mapipa, nyama ya nguruwe ya chumvi ikiwa ubavu mzima wenye mifupa, na zabibu kavu zikiwa zimegandamana na vikonyo vyake. Siki ilichuruzwa kutoka kwenye pipa, na mafuta ya taa vivyo hivyo, mbali kidogo na vyakula ikiwa mwenye duka alikuwa mwangalifu. Hata karafuu za kutia kwenye pai ya matufaha, ambazo nyingi duniani wakati huo zilitoka Unguja na Pemba, zilipimwa kidogo kidogo kutoka kwenye kopo.

Mtu alipokuja kununua wakia mbili za chai au nusu wakia ya tumbaku, mtu mwingine alikuwa tayari amekata, amechambua, amechanganya, amepima na amefunga. Baadhi ya wenye maduka walichanganya chai yao wenyewe, wakichagua majani yanayokubaliana na maji ya pale kijijini, kwa kuwa maji yenye chokaa nyingi hubadili ladha na rangi ya chai. Kwa hiyo faida ya duka, kwa kiasi kikubwa, ilikuwa malipo ya kufungasha. Anayedhani ilitokana na kununua na kuuza tu hataelewa kwa nini familia nzima ilichoka.

Tuchukue gunia moja la sukari tuone. Kwa hesabu ya daftarini, ratili 224 ni pakiti 224 za ratili moja moja. Lakini mizani ya kaunta ilikuwa na sahani mbili, jiwe la uzito huku, sukari kule, na mteja alitaka kuiona sahani ya sukari ikishuka. Aliyewahi kununua mafuta ya kupima analijua jicho hilo linaloufuata mkono wa muuzaji mpaka tone la mwisho. Ili sahani ishuke, lazima punje ziongezwe. Tuseme kila pakiti ilizidi kwa robo ya wakia, kama gramu 7. Ratili ina wakia 16, kwa hiyo robo wakia mara 224 ni wakia 56, yaani ratili tatu na nusu. Gunia linakwisha kwenye pakiti ya 220, na nne zilizobaki hazipo tena.

Hasara hiyo inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba sukari ilikuwa na faida finyu mno. Ilikuwa kawaida kuiuza kwa bei inayokaribia ile ya kununulia, kwa sababu ndiyo iliyomwingiza mteja dukani; akishaingia alinunua chai, na huko ndiko kulikokuwa na faida. Ukipoteza pakiti nne kwa mkono mzito, huenda gunia zima limefanyiwa kazi bure. Kupunja nako kulikuwa na hatari. Sheria ya vipimo ya mwaka 1878 iliwapa wakaguzi mamlaka ya kukagua mizani na mawe ya uzito, na mwenye duka aliyekamatwa alitozwa faini. Kijijini kulikuwa na adhabu nyingine, kwa maana mwanamke aliyepunjwa leo alikuwa kanisani Jumapili pamoja na wateja wote.

Hivyo kazi ilihitaji mkono mwepesi na uvumilivu mwingi, na haikuweza kubeba mshahara wa mtu wa nje. Watoto ndio walioziba pengo hilo. Walijifunza kukunja karatasi bila gundi wala kamba isimwage hata punje, na kuisokota iwe na umbo la koni kwa vitu vidogo. Kuhusu rangi ya bluu, maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba ilifanya sukari ya manjano-manjano ionekane nyeupe. Desturi yenyewe ni ya zamani, tangu sukari ilipouzwa ikiwa bonge refu lililoviringishwa karatasi hiyo. Karatasi ilikuwa nene, na wenye maduka wengi waliiweka kwenye mizani pamoja na bidhaa. Kwenye chai jambo hilo liliwaudhi wanunuzi kiasi kwamba mwaka 1922 ilitungwa sheria ya kuuza chai kwa uzito wake halisi, bila karatasi.

Sabuni ndiyo iliyonishangaza zaidi. Ilifika ikiwa miche mirefu, ikakatwa kwa waya, kisha ikapangwa rafuni ikauke, kwa kuwa sabuni mbichi huyeyuka upesi. Ikikauka inapoteza maji, na maji ni uzito. Mwenye duka aliinunua ikiwa nzito akaiuza ikiwa nyepesi.

Hapa inafaa tahadhari. Kumbukumbu hizi nyingi ni za waliokuwa watoto, na mtoto hukumbuka alichokifanya kwa mikono yake. Daftari la madeni, ambalo vibarua wa mashamba walilipunguza baada ya mavuno, lilikuwa siri ya wazazi. Huenda sukari imekuwa kubwa katika masimulizi kuliko ilivyokuwa katika wasiwasi wa baba na mama.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliongeza mzigo. Mapema mwaka 1918 mgao wa sukari uliwekwa kuwa nusu ratili kwa mtu kwa wiki, na kila pakiti ndogo ilikuwa nafasi nyingine ya kumwaga punje. Wakati huohuo viwanda vilikuwa vimeanza kuichukua kazi ya mezani. John Horniman aliuza chai ya pakiti tangu 1826, sabuni ya Sunlight ilitoka mwaka 1884 ikiwa imeshakatwa na kufungwa, na baina ya vita viwili sukari nayo ikazidi kuja katika pakiti za kiwandani. Watoto wakapumzika. Lakini malipo ya kufungasha yalikwenda kiwandani pamoja na kazi yenyewe, na chai iliyochanganywa kulingana na maji ya kijiji ikashindana na pakiti ileile iliyouzwa mjini, ambako sasa basi lilimfikisha mteja siku ya soko.